Niliposikia "Chitanda" Nikacheka

(Haya niliyasema mbele ya wasimamizi wa mafunzo na wanafunzi wa saikolojia tiba, hapa Dodoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimekata pale nilipokuwa najirudia.)

Mbukwenyi!

Walioitikia wako viti vya nyuma. Hawa wa mbele wametazamana. Basi tuanzie hapo hapo: tuko Dodoma, nimesalimia kwa Kigogo, na nusu ya ukumbi imedhani nachekesha. Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wengine, hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nizungumzie ubaguzi katika mafunzo yetu, nilimjibu upesi upesi kwamba hilo ni la Wamarekani na Makaburu. Sisi tuna nini? Tumekua tukiambiwa binadamu wote ni ndugu zangu. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kutuuliza kabila. Katiba, ibara ya 13, imekataza mtu kubaguliwa kwa kabila, rangi, dini, mahali alikotoka, hata hali yake ya maisha. Nikamwambia mwenyekiti atafute mada nyingine, nikakata simu. Jioni nikiwa natandika nilale, nikakumbuka kitanda.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia wanafunzi sita waliokuja fildi kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Kila Alhamisi mmoja wao anawasilisha kesi. Siku hiyo zamu ilikuwa ya kijana mmoja Mgogo, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikono imetoa mistari. Kasimama, karatasi zinamtetemeka kidogo, anasema mgonjwa alikutwa amejikunja juu ya chitanda. Wenye lugha yao wanaiita Chigogo, na ulimi uliozoea "chi" hauachi kwa siku moja, hasa mtu akiwa na woga. Mwenzake mmoja akalirudia neno kwa sauti ya chini: "chitanda." Kundi likaangua kicheko. Mwingine akaongeza lile jina wanalotupiwa Wagogo, "Ombaomba kaingia wodini." Na mimi, mwenye vyeti ukutani, nikacheka.

Kilikuwa kile kicheko cha kufunika mdomo kwa kiganja. Halafu nikasema, "Haya jamani, tuendelee," nikaona nimetuliza mambo. Kijana akaendelea, lakini kuanzia pale kila neno lenye "ki" alilizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Kitanda kikawa "pale anapolala". Kichwa kikawa "huku juu". Kesi aliyoiandaa vizuri ikamvunjikia mkononi. Mwisho wa kipindi nikajaza karatasi ya tathmini, kwenye sehemu ya mawasiliano nikampa alama ya chini, na pembeni nikaandika: "Ajiamini zaidi."

Yaani nimemvua nguo mwenyewe, halafu namwandikia ajistiri.

Wiki hiyo hiyo akaletwa mama mmoja wa makamo kutoka kijijini, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alihojiwa na mwanafunzi mwingine, hodari, Kiswahili cha mjini. Baada ya dakika ishirini mwanafunzi akaandika kwenye faili: "Mgonjwa hajibu anachoulizwa. Mtiririko wa mawazo umevurugika." Nesi wa zamu, mtu mzima aliyeona mengi, akasema mwiteni yule kijana Mgogo. Akaja, akavuta stuli, akakaa chini ya usawa wa macho ya yule mama, akamsalimia kwa kirefu, akauliza mvua, akauliza mifugo, akauliza waliobaki nyumbani. Hapo kwenye waliobaki mama akaanza kulia. Katika nusu saa tukajua amezika watoto wawili ndani ya mwaka mmoja na kwamba hajapata usingizi wa maana tangu mavuno. Kule "kutojibu" kwake kulikuwa kujibu swali alilodhani ameulizwa. Mawazo yake yalikuwa yamenyooka kabisa. Mahojiano yetu ndiyo yaliyokuwa yamevurugika, na nusura tumwandikie dawa kwa kosa la lugha yetu.

Kuanzia siku hiyo kijana akawa anaitwa kila anapofika mgonjwa wa vijijini. Anaacha chai yake, anakwenda. Saa hizo hazikuingia kwenye kitabu chake cha mafunzo kwa sababu kutafsiri hakuna kisanduku. Na ile alama ya mawasiliano ikabaki pale pale nilipoiweka.

Nimeanza na langu kwa sababu humu ndani kuna watu waliokuwa wanafunzi wangu. Ningejifanya mtakatifu wangenisuta.

Wala msidhani sikujua kinavyouma. Niliwahi kupelekwa kusoma ughaibuni, kwenye jiji moja la baridi. Mzee mmoja wa Kizungu niliyepangiwa kumwona alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamgeukia nesi akamuuliza mtaalamu mwenyewe anakuja saa ngapi. Alipoambiwa mtaalamu ndiye mimi, akasema mambo ya nyumbani kwake hawezi kumweleza mtu mweusi. Nikaenda kwa msimamizi wangu. Alikuwa mtu mwema, Ijumaa alikuwa akituletea keki aliyooka mwenyewe. Akanisikiliza, kisha akaniuliza: "Unadhani kuna kitu ulikifanya kikamtia wasiwasi?" Kesho yake jina la yule mzee lilikuwa kwenye orodha ya mwenzangu. Halikuzungumzwa tena. Mimi nilikwenda kule kujifunza tiba ya utambuzi na tabia, ile ya kumsaidia mtu abadili anavyofikiri na anavyotenda, na nilijifunza kweli. Lakini na kunyamaza pia nilifundishwa, na nimerudi nako hadi Dodoma.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana taaluma hii haikuokota ubaguzi njiani. Mwaka 1851 daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, aliona watumwa wanatoroka kwa mabwana zao, akaupa utoro huo jina la ugonjwa: drapetomania. Kinga aliyoipendekeza ilikuwa pamoja na viboko. Mnacheka, sawa. Lakini njooni karibu na nyumbani. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha maandishi ya J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, na humo akaifananisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ya Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani, si gazeti la mtaani! Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilipotaka kuelezwa Mau Mau ni nini, ilimwendea mtu huyo huyo, naye akaitafuta sababu vichwani mwa Wakikuyu kuliko kwenye mashamba waliyonyang'anywa.

Kusini ya Limpopo, kule Afrika Kusini, Hendrik Verwoerd, ambaye tunamjua kama fundi mkuu wa apartheid, ule utawala wa ubaguzi wa rangi, alianza kama profesa wa saikolojia Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Mwaka 1962 chama cha wanasaikolojia cha huko kilipokubali kumpokea mwanachama asiye mzungu, kundi kubwa lilitoka likaunda chama chake cha wazungu watupu. Ilichukua mpaka 1994 kuwa na chama kimoja cha wote. Na fikirini mtu kama Chabani Manganyi, mmoja wa Waafrika wa kwanza nchini mwao kufuzu saikolojia tiba. Milango ya hospitali za wazungu imefungwa, mafunzo yake kwa vitendo akayafanyia hospitali ya Baragwanath, Soweto, kwenye wodi ya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Hapo ndipo ubaguzi wa mafunzo unapoonekana kwa macho: je, mwanafunzi anaruhusiwa kukaa na mgonjwa yupi, na nani yuko tayari kumsimamia.

Wamarekani nao, wanasaikolojia weusi walijitenga wakaunda chama chao mwaka 1968. Chama kikubwa cha wanasaikolojia cha nchi hiyo kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika ubaguzi wa rangi Oktoba 2021. Hesabuni wenyewe: miaka 53. Mimi siibezi radhi hiyo, ila najua waliokufa wakiisubiri ni wengi.

Haya yote yanatuhusu vipi, tuliokaa hapa na upepo wetu wa vumbi? Yanatuhusu kwa sababu vitabu tunavyosomea vimetoka huko. Uchambuzi mmoja uliotoka 2008 ulipitia majarida makubwa ya saikolojia ukakuta asilimia 96 ya watu waliochunguzwa wanatoka nchi za Magharibi zenye viwanda, nchi ambazo zina kama asilimia 12 ya watu wa dunia. Halafu sisi tunachukua kipimo kilichotungwa kwa ajili ya hao, tunakigeuza Kiswahili, tunakwenda nacho Chamwino.

Nimewahi kukaa nyuma ya mwanafunzi aliyekuwa anampima mtoto wa mchungaji wa mbuzi, miaka kumi hivi. Kampa picha nne, amwambie ipi si ya kundi lile. Mtoto kimya. Anatazama picha, anamtazama mpimaji, anatazama mlango. Sufuri. Swali la pili, sufuri. Tulipotoka nje, baba yake alikuwa amekuja na mbuzi, wamefungwa chini ya mti, na wawili wamechomoka kwenye kamba wameingia kwenye kundi la jirani. Mtoto akaenda, akawatoa wale wawili katikati ya mbuzi wanaofanana kama maharage, bila kusita. Nikamuuliza amejuaje. Akanishangaa. Kwake lilikuwa swali la mtu asiye na akili.

Kwa bahati tuna ushahidi wa nyumbani wenye nguvu kuliko huo wangu wa mbuzi. Watafiti walikwenda shule za vijijini karibu na Bagamoyo, wakawapima watoto zaidi ya 300. Wakawapa wengine mafunzo mafupi, hayafiki saa moja, ya namna maswali yale yanavyotaka kufikiriwa, wakawapima upya. Alama zikapanda, na alama ya kwanza ilikuwa ishara dhaifu ya nani angefanya vizuri mara ya pili. Utafiti huo ulichapishwa 2002. Sasa niambieni, ni ripoti ngapi tumezipeleka shuleni zikisema "uwezo wa mtoto uko chini" baada ya kikao kimoja cha asubuhi, mtoto hajanywa hata uji?

Najua mnachotaka kuniambia, maana mmeshaniambia wakati wa chai: lile la chitanda lilikuwa utani tu. Tanzania bila utani haiendi.

Nautaka utani, nami nina watani wangu. Lakini tuliofundishwa na babu zetu tunajua utani wa jadi una kanuni. Mtani ana haki ya kukujibu, tena papo hapo, tena kwa ukali ule ule. Mtani wako ndiye atakayekuja msibani kwako ajilaze kwenye jeneza agome mpaka apewe chochote, na ndiye huyo huyo atakayeshika jembe. Utani ni deni la pande mbili. Yule kijana angenijibu nini? Mimi nina kalamu. Nikiikasirikia hasira yake, anarudia mwaka. Wenzake walikuwa watano, yeye mmoja. Huo hauna hata harufu ya utani.

Na hili la "ombaomba", kwa kuwa tumo kwenye ardhi yenyewe, acheni nilisemee. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume kubeba mizigo. Mvua nayo ikakataa. Njaa iliyofuata wazee wa Ugogo waliipa jina, Mtunya, na iliua watu wengi mno. Nchi kavu kama hii ina namna yake ya kuishi: mwaka mbaya watu wanahemea, wanakwenda kwa ndugu na marafiki wa mbali kutafuta chakula, na mwaka mwema wanapokea wa kwao wanaohemea. Kuhemea ni mkataba. Mtu akikuona barabarani hajui mkataba wako, anakuita ombaomba. Kisha mwanasaikolojia anakuja na neno lake la kitaalamu, "utegemezi", anaandika kwenye faili, na limekuwa sayansi. Ninyi wa Dodoma mngetakiwa kulijua hili kuliko wote, maana hata hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili, inayotibu watu tangu 1927, mmeona jina lake lilivyogeuzwa tusi nchi nzima.

Ya wengine nitayapitia mbio mbio. Wabarbaig wanaitwa Wamang'ati, jina walilopewa na mahasimu wao, na sisi tunaliandika kwenye ripoti. Vidoko vya Kisandawe, zile sauti za kugonga ulimi, vinaigizwa kantini ili watu wacheke. Mwanafunzi mweupe wa ngozi anapelekwa mapokezi kwa sababu "ana mvuto", mweusi tii anapelekwa kuhesabu mafaili. Mwenye jina la kule kambi za wakimbizi anaulizwa mara tatu kama cheti ni chake.

Na kuna kisa cha binti mmoja wa asili ya Kihindi, kazaliwa Dodoma, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Mgonjwa akamkataa: "Mhindi hawezi kunisikiliza, wao wanajua kuhesabu hela tu." Msimamizi wake alifanya alichofanya yule wangu wa keki. Akabadilisha orodha.

(Hapa kaka mmoja katikati ya ukumbi alinyoosha mkono: "Lakini Dokta, mgonjwa ana haki ya kuchagua. Au tumlazimishe?" Nikashukuru ameuliza, kwa sababu ndiyo maana nilikuja.)

Hapana kaka yangu, hatumlazimishi. Mama aliyebakwa akisema nataka mwanamke mwenzangu anisikilize, anapata, na wala hatujadili. Mgonjwa aliye katikati ya kichaa akitukana, tunajua kuna ugonjwa unaosema naye, ingawa hata hapo mwanafunzi amesikia kwa masikio yake na ameumia, ugonjwa au si ugonjwa. Ninayemzungumzia ni yule mwenye akili zake timamu anayemkataa mtaalamu kwa ngozi yake au kabila lake. Mgonjwa huyo, wewe msimamizi unamwendea kwa miguu yako, mwanafunzi akiwa pembeni yako kama anataka kuwepo. Unamwambia: huyu ni wetu, namwamini, kazi yake naiangalia mimi. Watu wengi wanakubali hapo hapo, kwa sababu walikuwa wanajaribu tu kuona kama kuna mlango. Akigoma bado, na huduma anaihitaji, atapewa mtu mwingine. Lakini kabla hujagusa orodha unakaa na mwanafunzi, unamuuliza yeye anaonaje, unamwambia wazi kwamba hakukosea. Ukiibadilisha orodha usiku, asubuhi akaikuta, umeshamfundisha kitu, na hutajua ni kipi mpaka na yeye awe msimamizi.

Mimi nilijua baada ya miaka mingi, siku nilipofunika mdomo kwa kiganja.

Upande wa lugha sina maneno mengi. Anayetafsiri aandikiwe saa zake kama anayehoji, kwa sababu anahoji. Afundishwe pia, maana kujua Kigogo cha nyumbani si kujua kumtafsiria mtu anayetaka kufa. Na faili liandike mahojiano yalifanyika kwa lugha gani. Mstari mmoja tu. Mstari huo ungekuwepo siku ile, neno "umevurugika" lisingeandikwa.

Baada ya simu ya mwenyekiti nilimtafuta yule kijana. Si kijana tena, ana kazi yake mkoa mwingine, na ana mtoto. Nilimwambia ninachokumbuka na nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, yale yameshapita." Tukaongea habari za mvua. Nilipokaribia kuaga akaniuliza, kwa upole ule ule wake: ile alama ya mawasiliano bado ipo kwenye faili?

Nilikwenda kuangalia. Ipo, na mwandiko ni wangu.

Nimekuja na nakala za karatasi hiyo ya tathmini, ile tunayoitumia mpaka leo. Sehemu ya mawasiliano nimeifuta, nimeacha nafasi tupu. Mwenyekiti anasema tuna nusu saa kabla ya chakula. Wasimamizi na wanafunzi mkae mchanganyiko, muandike mnataka ipime nini. Kalamu ziko kwenye boksi pale mlangoni, za bluu zinaandika, nyeusi nyingi zimekauka.